Jinsi ya kuyasoma macho ya David Bowie kwenye picha

Ukitaka kujua macho ya David Bowie, yule mwanamuziki wa Uingereza, yalikuwa na nini, weka rangi pembeni kwanza. Najua rangi ndiyo inayovuta. Kwa zaidi ya miaka hamsini washabiki wake wamekuwa wakigombana: jicho moja la bluu na jingine la kahawia, hapana, la kijani, alizaliwa nalo, alivaa lenzi, ni kokeni. Karibu ubishi wote huo unaanzia mahali pamoja, kwa mtu kutazama duara la rangi wakati jambo lenyewe liko kwenye tundu jeusi lililo katikati yake.

Mimi kazi yangu ni kupima macho na kutengeneza miwani hapa Tanga. Bowie nilirithishwa na shangazi yangu, aliyefanya kazi Nairobi miaka mingi na kurudi na kasha la santuri ambalo sasa liko sebuleni kwangu. Kwa hiyo nina vitu viwili ambavyo mshabiki wa kawaida hana kwa pamoja: majalada yale makubwa ya santuri, ambamo uso wa mtu unakaribia ukubwa wake halisi, na lenzi ya kukuzia ya dukani. Nitakuonyesha ninavyofanya, hatua kwa hatua, maana mpwa wangu ameniuliza mara nyingi mno na kila nikimjibu kwa mdomo tunaishia kubishana upya.

Anza na majina ya sehemu tatu. Mboni ni lile tundu jeusi. Si kitu, ni uwazi. Mwanga hupitia hapo kwenda nyuma ya jicho. Irisi ni duara la rangi linaloizunguka mboni, na ndani yake mna misuli ya aina mbili: mmoja wa duara unaoikaza mboni kama kamba ya mfuko, na mingine iliyopangwa kama miale inayoivuta ifunguke. Kope ni lile pazia la ngozi juu ya jicho. Ukimwona msanii mwenye jicho la ajabu, swali la kwanza liwe hili: ajabu yenyewe iko kwenye mboni, kwenye irisi, kwenye kope, au kwenye kitu alichovaa juu ya jicho?

Swali hilo pekee linamaliza nusu ya mabishano. Tim McIlrath wa bendi ya Rise Against ana jicho moja la bluu na moja la kahawia. Hiyo ni tofauti ya irisi, nayo kitaalamu huitwa heterokromia. Thom Yorke wa bendi ya Radiohead alizaliwa jicho la kushoto likiwa limefumba, akafanyiwa operesheni tano kabla hajafikisha miaka sita. Kwake ni kope. Jicho jeupe la mwimbaji Marilyn Manson ni lenzi ya kuvaa. Na Bowie? Kwake ni mboni. Macho yake yote mawili yalikuwa ya bluu. Mboni ya kushoto ilikuwa imepanuka na haikurudi tena, na kutolingana huko kwa mboni huitwa anisokoria.

Hapo ndipo mpwa wangu huruka: "Mjomba, hebu tazama mwenyewe, hili si la bluu!" Na kweli, ukiangalia picha nyingi, la kushoto linaonekana jeusi, au la kahawia, au la kijani kilichochujuka. Sababu zipo, na kila moja utaweza kuithibitisha kwa macho yako.

Ya kwanza ni nafasi. Mboni inapopanuka, irisi husukumwa pembeni na kubaki ukingo mwembamba. Kwa mbali, ubongo wako unachanganya weusi mwingi na bluu kidogo, unapata jicho jeusi. Sogea karibu na picha kubwa, utauona ukingo wa bluu umebaki. Ya pili ni bluu yenyewe. Irisi ya bluu haina rangi ya bluu ndani yake. Ina melanini, ile rangi ya asili ya mwili, kidogo tu, na mwanga unapotawanyika ndani ya nyuzi zake ndipo tunaona bluu. Kwa hiyo rangi hiyo inayumba kulingana na taa na kivuli kuliko kahawia ya macho yetu. Ya tatu ni flashi. Mwanga wa flashi huingia kwa mboni, hugonga nyuma ya jicho palipojaa damu, hurudi mwekundu. Mboni pana hurudisha wekundu mwingi kuliko mboni nyembamba. Matokeo yake ni picha ambayo jicho la kulia limetulia na bluu yake, na la kushoto lina wekundu hafifu ambao mchapishaji wa gazeti akishaupoza unageuka kahawia.

Sasa kisa chenyewe, maana picha bila kisa zinapotosha. Bowie, jina lake la kuzaliwa David Robert Jones, alizaliwa Brixton, London, tarehe 8 Januari 1947, akakulia Bromley. Mwaka 1962, akiwa na miaka kumi na mitano, yeye na rafiki yake wa shule George Underwood waligombea msichana, na Underwood akampiga ngumi jicho la kushoto. Alilazwa, akafanyiwa operesheni, na madaktari hawakuweza kuurudisha msuli wa mboni katika hali yake. Alibaki pia na shida ya kukadiria umbali wa vitu. Watu wameongeza chumvi: wengine wanasema Underwood alishika bikari, wengine betri. Underwood mwenyewe amekanusha vitu hivyo. Ilikuwa ngumi tupu. Na urafiki haukuvunjika. Walipiga muziki pamoja, walirekodi pamoja mwaka 1964 wakiwa King Bees, na Underwood, aliyekuja kuwa mchoraji, alishiriki katika majalada ya Bowie ya 1971 na 1972. Kila nikimsikia mtu akimwita Underwood adui wa Bowie nasikitika. Wale walibaki marafiki mpaka uzeeni.

Kisa hiki kinakupa kipimo cha kwanza cha upelelezi wako: tarehe. Panga picha zako kwa miaka. Ukipata picha ya Bowie mdogo kabla ya 1962, mboni zinapaswa kulingana. Zilizofuata, kuanzia picha zake za vijana wenye suti nyembamba mwaka 1964 hadi za mwisho kabla hajafariki New York tarehe 10 Januari 2016, zinapaswa kuonyesha jambo moja, upande mmoja, isipokuwa za gizani nitakazozieleza mbele. Anayesema alivaa lenzi ili aonekane kiumbe wa sayari nyingine ajieleze kwa nini lenzi hiyo ilikuwepo miaka minane kabla ya Ziggy Stardust, mhusika wa jukwaani aliyemwigiza baadaye, alipokuwa kijana asiyejulikana anayeimba kwenye kumbi ndogo za London.

Kipimo cha pili ni upande. Jicho lililoumia ni la kushoto kwake, yaani linakuwa mkono wako wa kulia unapotazama picha. Lakini picha nyingi zimegeuzwa, ama na mchapishaji zamani au na mtu aliyezisambaza jana. Kabla hujatangaza kwamba "jicho lilihama", tafuta kitu ndani ya picha kinachojulikana upande wake. Maandishi ndiyo ushahidi bora. Shati au koti la kiume pia linasaidia: kwa kawaida vifungo huwa upande wa kulia wa mvaaji na upande wa kushoto hulala juu. Lakini Bowie alivaa nguo za kila namna, za kike zikiwemo, kwa hiyo kwake kifungo kisikutoshe peke yake.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokipenda, kwa sababu ndicho tunachokitumia kliniki kila siku. Ni kulinganisha picha za mwangani na za gizani.

Mboni yenye afya hukaza kwenye mwanga, ikawa kama milimita 2 hadi 4, na hufunguka gizani mpaka milimita 4 hadi 8. Zote mbili huenda pamoja. Hata ukimulika jicho moja tu, la pili nalo hukaza. Sasa tuseme mtu ana mboni zisizolingana. Ipi mgonjwa, kubwa au ndogo? Mtoe juani, kisha mwingize chumba chenye giza. Tofauti ikikua mwangani, kubwa ndiyo yenye shida, kwa sababu imeshindwa kukaza wakati mwenzake amekaza. Tofauti ikikua gizani, ndogo ndiyo yenye shida, imeshindwa kufunguka. Tofauti ikibaki ileile kote, tena ni ndogo isiyofika milimita moja, mara nyingi huyo ni mzima kabisa; karibu mtu mmoja kati ya watano ana kutolingana kidogo kwa namna hiyo bila ugonjwa wowote.

Lete hilo kwa Bowie. Chukua picha zake za mchana, barabarani au bustanini, jua likiwa kali. Jicho la kulia lina nukta nyeusi ndogo, la kushoto lina shimo. Kisha chukua zile za jukwaani usiku. Tofauti inapungua sana, mara nyingine huioni. Washabiki wengi wamedanganyika hapo, wakasema "usiku ule alivaa lenzi" au "mwaka ule jicho lilipona". Hakuna kilichopona. Giza lilimfungulia mboni ya kulia ikaifikia ya kushoto. Na hiyo yenyewe ni ushahidi: tofauti inayokua mwangani inasema mboni kubwa ndiyo iliyoumia, msuli wa kukaza haufanyi kazi, sawasawa na kisa cha ngumi.

Hapa naomba uwe mwangalifu na flashi. Wengi hudhani kwa kuwa flashi ni kali, mboni zitakuwa zimekaza kwenye picha. Sivyo. Flashi huwaka na kuzima kabla msuli haujapata nafasi ya kuitika. Picha ya flashi inakuonyesha mboni zilivyokuwa sekunde moja kabla, kwenye mwanga uliokuwapo. Picha ya flashi iliyopigwa nyuma ya jukwaa lenye giza ni picha ya mboni za gizani, ijapokuwa uso mzima umeng'aa. Simu nyingi za siku hizi huwasha taa kwanza kwa muda mfupi ndipo zipige, makusudi ili mboni zikaze na wekundu upungue. Kamera za 1973 hazikuwa na huruma hiyo.

Kwa kokeni jibu ni fupi. Bowie hakuficha kwamba alitumia katikati ya miaka ya 1970. Lakini kokeni inayopita kwenye damu hufika macho yote mawili na kupanua mboni zote mbili. Haichagui la kushoto.

Ukishazoea, pima. Huna haja ya kifaa cha gharama, rula ya mtoto wa shule inatosha. Duara la rangi kwa mtu mzima, kutoka ukingo hadi ukingo kwa mlalo, ni takriban milimita 12, na binadamu hatutofautiani sana kwa hilo. Kwa hiyo uso wenyewe umekuja na rula yake. Kuza picha mpaka jicho lijae kwenye skrini. Pima upana wa irisi, kisha upana wa mboni, vyote kwa mlalo, si kwa wima, kwa sababu kope la juu hufunika sehemu ya irisi. Gawa mboni kwa irisi, zidisha kwa 12. Mfano: irisi ina milimita 30 kwenye skrini na mboni 15, mboni halisi ni kama milimita 6. Jicho la pili irisi 30, mboni 8. Hiyo ni milimita 3 na kidogo. Fanya hivyo kwenye picha ambayo uso umekutazama moja kwa moja. Uso uliogeuka hupunguza upana na kukuharibia hesabu.

Jalada la kuanzia kazi hii ni lile la albamu ya "Heroes" la 1977, picha iliyopigwa na Masayoshi Sukita. Ni nyeusi na nyeupe, na hiyo ndiyo faida yake: rangi imeondolewa, huna cha kukuchanganya, umebaki na weusi na kijivu. Nilimwekea mpwa wangu jalada la shangazi mezani chini ya taa, nikampa lenzi ya kukuzia, nikanyamaza. Alipima mwenyewe. Tangu siku hiyo habishani nami kuhusu kahawia, anabishana kuhusu nyimbo.

Jalada la albamu ya Aladdin Sane la Aprili 1973, lenye radi usoni, halitakusaidia: amefumba macho. Lakini kwenye kikao kilekile mpiga picha Brian Duffy alimpiga picha pia akiwa amefumbua macho, na picha hiyo ndiyo iliyotumika kutangaza maonyesho makubwa kuhusu Bowie pale Victoria and Albert Museum, London, mwaka 2013. Itafute, uzilinganishe hizo mbili. Kwangu mimi ile iliyofumbua ina nguvu kuliko jalada lenyewe. Unaitazama radi kwa dakika nzima, halafu unagundua umekuwa ukitazamwa na mboni mbili zisizokubaliana.

Umri nao uweke kwenye hesabu. Mboni za watu wazima huendelea kuwa ndogo kadiri miaka inavyokwenda. Mboni ya kulia ya Bowie wa miaka hamsini na tano ilitarajiwa kuwa ndogo kuliko ya kijana wa miaka ishirini na tano kwenye mwanga uleule, huku ya kushoto, isiyo na msuli wa kuikaza, ikibaki pana. Kwa hiyo ukiona tofauti inaonekana kubwa zaidi kwenye picha za miaka ya 2000, usikimbilie kusema imechorwa kwa kompyuta. Kuchora kwa kompyuta kupo, tena kwingi. Zipo picha za zamani zilizopakwa rangi upya na mtu aliyekwishaamua kwamba jicho moja ni la kahawia, basi akalipaka kahawia. Zipo na zilizobuniwa na mashine kuanzia nywele hadi kidevu. Picha moja peke yake isikubadilishe mawazo. Nataka tano, za miaka tofauti, za wapigaji tofauti, zinazosema jambo moja.

Kuna mbinu moja zaidi, ya kutumia mtu mwingine aliye kwenye picha. Watu wawili waliosimama chini ya taa moja, mboni zao zinapaswa kuitikia kwa namna inayofanana. Ukitaka kujua mwanga ulikuwa mkali kiasi gani, mtazame jirani yake. Na jirani wa Bowie kwa miaka mingi alikuwa Iman, mkewe tangu 1992, binti wa Mogadishu aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1975 pale Peter Beard, mpiga picha wa Kimarekani, alipomwona mtaani na kumwomba apigwe picha. Shangazi alikuwa Nairobi miaka hiyohiyo, na hadi leo anamtaja Iman kana kwamba walisoma darasa moja.

Lakini jaribu mbinu hiyo na utakwama, na kukwama huko ndiko kunakotuhusu sisi. Macho ya Iman ni ya kahawia nzito. Mboni nyeusi ndani ya irisi ya kahawia nzito haionekani kwa urahisi, hata kwenye picha nzuri. Bowie alijulikana dunia nzima kwa sababu mboni yake iliyoumia ilizungukwa na bluu, weusi wake ukasimama wazi. Ngumi ileile ingempata kijana wa Ngamiani hapa Tanga au wa Eastleigh kule Nairobi, huenda jirani yake angekaa miaka asijue. Nimewapima watu waliokuja kwa ajili ya miwani ya kusomea, nikakuta mboni moja haisogei kabisa, na mwenyewe hajui, mke hajui. Alipigwa na mpira wa tenesi utotoni, au na kijiti.

Kwa hiyo kama unataka kutazama macho ya kahawia, yako au ya mwanao, fanya hivi. Usimulike kutoka mbele. Mkalishe mtu dirishani, mwambie atazame mbali, mnazi ulio ng'ambo ya barabara kwa mfano, maana akitazama karibu mboni hukaza zenyewe. Shika tochi ya simu pembeni, usawa wa sikio, ili mwanga ukate jicho kwa upande. Irisi ya kahawia itapata mng'ao na nyuzi zake zitaonekana. Mboni itabaki nyeusi tii. Piga picha kwa simu, ukiwa umeikuza kidogo badala ya kumsogelea mpaka puani. Kisha funga mapazia, subiri macho yazoee, rudia. Una picha mbili, ya mwangani na ya gizani, na rula yako ya milimita 12.

Ukikuta tofauti, usikurupuke. Fungua picha za zamani kwanza: ya harusi, ya kitambulisho, ya mahafali. Kama tofauti ilikuwepo miaka kumi iliyopita na mtu hana maumivu wala kope lililolegea, mara nyingi hakuna haraka. Muone mtaalamu wa macho kwa nafasi yako ili ahakikishe. Madaktari wenyewe hufanya hivyo, huomba picha za familia.

Uliza pia alichogusa. Mnanaha, ule mmea wenye maua ya tarumbeta unaoota majalalani na pembeni mwa mashamba, ukiushika kisha ukajifikicha jicho, mboni ya jicho hilo hupanuka. Dawa ya matone ya mtu mwingine ni kisa ninachokutana nacho zaidi: kaka alipewa atropini, dawa ya kupanua mboni, kliniki, dada akawashwa jicho akajitia tone, na athari yake yaweza kuendelea hata zaidi ya wiki. Kwa mtoto mwenye pumu, mvuke wa dawa aina ya ipratropiamu ukivuja pembeni mwa kinyago na kuingia jicho moja hufanya vivyo hivyo.

Na kuna wakati wa kuacha kupima na kutafuta usafiri. Mboni iliyokuwa sawa jana na leo imepanuka, pamoja na kichwa kuuma vikali, kope kushuka au kuona vitu viwiliviwili, inaweza kuwa mshipa wa damu uliovimba karibu na ubongo unabana mshipa wa fahamu wa jicho. Mboni iliyosinyaa ghafla, kope likashuka kidogo upande huohuo na shingo inauma, nayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Mtu aliyeanguka na bodaboda akagonga kichwa, kisha akaanza kusinzia na mboni moja ikawa kubwa: usimlaze "apumzike". Mpeleke sasa hivi, usiku huohuo, hospitali kubwa iliyo karibu.

Jambo moja la watoto siwezi kuliacha, kwa kuwa tayari umejifunza kutazama flashi. Wekundu wa mboni kwenye picha ya flashi ni dalili nzuri, maana yake mwanga umefika nyuma ya jicho na kurudi. Ukiona kwenye picha za mtoto mdogo jicho moja ni jekundu na jingine linang'aa jeupe au njano, kama jicho la paka usiku, mpeleke kliniki ya macho wiki hiyohiyo. Mara nyingine ni pembe ya kamera tu. Mara nyingine ni mtoto wa jicho, na mara nyingine ni saratani ya retina, utando ulio nyuma ya jicho, ambayo huwapata hasa watoto wa chini ya miaka mitano na hutibika vizuri zaidi ikikutwa mapema. Mzazi mwenye simu ndiye huiona kwanza, mara nyingi kabla ya daktari. Usiifute picha hiyo kwa kuona imeharibika.

Unapokwenda kliniki, kwa tatizo lolote la mboni, nenda na picha. Zichapishe au ziwe kwenye simu yenye chaji, mbili tatu za miaka iliyopita, uso ukiwa umetazama kamera, na zile mbili ulizopiga dirishani na gizani. Andika tarehe za kila moja. Na kama uliivuta au kuigeuza picha ukiwa unaikuza, mwambie daktari, ili ajue kushoto ni wapi.